Protini Zinazoizuia Kinga

Katika damu ya mtu mzima mwenye afya mna protini iitwayo C3, zaidi kidogo ya gramu moja katika kila lita ya maji ya damu. Protini hii haitulii. Usiku na mchana, bila homa, bila kidonda, bila kijidudu chochote kuingia mwilini, sehemu ndogo ya C3 hubadilika umbo kwa kukutana na maji tu, na ikishabadilika huanzisha mfululizo wa matukio ambao mwisho wake ni kutoboa utando wa seli iliyo jirani. Kwamba mfululizo huo huua bakteria hakumshangazi mtu. La kushangaza ni kwamba hautuui sisi.

Mfumo wenyewe huitwa komplementi. Katika miaka ya 1890 Jules Bordet, Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alionyesha kwamba maji ya damu yenye kingamwili yakipashwa moto hadi nyuzi 56 hupoteza uwezo wa kuua bakteria, ingawa kingamwili zenyewe zimebaki salama. Ukiyaongezea maji mabichi ya damu ya mnyama ambaye hajawahi kukutana na bakteria hao, uwezo hurudi. Kwa hiyo damu ina kitu cha pili, kisichostahimili joto, ambacho bila hicho kingamwili hushika tu na haiui. Bordet alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919. Leo tunajua kwamba kitu hicho cha pili ni kundi la protini zaidi ya 30, na kwamba sehemu kubwa ya kundi hilo haiui chochote: kazi yake ni kuzuia.

Tufuate hatua moja moja. Mfumo huwashwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kingamwili iliyomnasa adui. Ya pili ni protini za damu zinazotambua sukari zilizo juu ya vijidudu. Ya tatu ni ile niliyoanza nayo, C3 kujiwasha yenyewe, na wataalamu huiita njia mbadala. Jina hilo linapotosha kidogo, kwa sababu njia hii inayoitwa mbadala ndiyo isiyozimika kamwe, na hata zile mbili zikianza, sehemu kubwa ya kazi huishia kufanywa na hii.

Zote tatu hukutana mahali pamoja: C3 hukatwa vipande viwili. Kipande kidogo, C3a, huelea na kuziita seli za kinga. Kipande kikubwa, C3b, kina kiungo cha kemikali ambacho kilikuwa kimefichwa ndani na sasa kiko wazi. Kwa muda mfupi sana, usiofika hata sekunde moja, kiungo hicho kinaweza kujigandisha kwenye chochote kilicho karibu chenye kundi la hidroksili au la amino. Makundi hayo yapo juu ya karibu kila kitu chenye uhai. C3b basi haina uchaguzi. Itaganda juu ya bakteria, juu ya ukuta wa mshipa, juu ya seli nyekundu ya damu inayojipitia zake.

Ikishaganda, C3b hunasa protini nyingine iitwayo faktori B, nayo faktori B hukatwa na faktori D. Muungano unaobaki, C3bBb, ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha tendo la kemikali. Na tendo lenyewe ni kukata C3 nyingine. Hapa ndipo ilipo hatari yote. Zao la kimeng'enya hiki ni malighafi ya kutengeneza vimeng'enya vingine vya aina ile ile. C3b moja huzaa kadhaa, na kila moja ya hizo huzaa nyingine. Zikijaa kwenye utando, C5 nayo hukatwa, na kipande chake hukusanya C6, C7, C8, kisha molekuli za C9, hadi 18, zinazojipanga duara na kupenya utando kama bomba. Maji na chumvi huingia, seli huvimba, hupasuka.

Msomaji aliyewahi kuona nyumba za kando ya barabara kuu zikipigwa alama nyekundu ya X atapata picha upesi, kwa sharti moja: mpiga rangi wetu hana ramani ya hifadhi ya barabara. Anapiga X kwenye kila ukuta anaoufikia, na tingatinga linalomfuata hubomoa kila ukuta ambao X yake bado inasomeka. Nyumba inayopona ni ile yenye mtu wa kufuta rangi kabla tingatinga halijafika. Seli zetu zina wafutaji. Bakteria wengi hawana. Tofauti kati ya mwenyeji na mgeni, kwa mfumo huu, iko hapo, na si katika macho ya mpiga rangi.

Wafutaji hao ndio protini dhibiti za komplementi. Hufanya kazi kwa namna mbili kuu, na ni vizuri kuzitenga kwa sababu magonjwa yenyewe huzitenga. Namna ya kwanza ni kuuvunja muungano wa C3bBb, kumng'oa Bb kutoka juu ya C3b ili kimeng'enya kife. Muungano huo huachana wenyewe baada ya dakika moja na nusu hivi. Protini ya damu iitwayo properdini huurefushia muda huo mara tano hadi kumi, na protini dhibiti huufupisha. Namna ya pili ni ya kudumu zaidi: C3b yenyewe hukatwakatwa isiweze tena kunasa faktori B. Mkataji ni faktori I. Lakini faktori I ina tabia ya pekee: huelea kwenye damu ikiwa tayari kwa kazi, na bado haikati C3b mpaka protini nyingine iishike C3b hiyo na kuielekeza kwake. Protini hiyo mwelekezaji huitwa kofakta. Bila kofakta, faktori I ni wembe ulio ndani ya ala.

Sasa tuzitaje zinazohusika zaidi. CD55 imeota juu ya utando wa seli na huvunja muungano, haina ukofakta. CD46 nayo iko juu ya utando, na ni kofakta, haivunji. Kipokezi cha komplementi namba moja, kwa kifupi CR1, hufanya yote mawili. CD59 imekaa mwisho wa mstari: yote yaliyotangulia yakishindikana, huzuia C9 zisijipange duara. Na faktori H haikai juu ya seli yoyote. Hutengenezwa zaidi kwenye ini, huelea katika damu, na hufanya yote mawili, kuvunja na kuelekeza.

Faktori H inahitaji maelezo ya ziada, kwa kuwa kitu kinachoelea kingeweza kumlinda adui sawasawa na mwenyeji. Kinachoiongoza ni sukari. Juu ya seli zetu kuna asidi ya siali na minyororo ya sukari yenye salfeti kama heparani, na faktori H ina sehemu za kushika C3b na sukari hizo kwa pamoja. Ikikuta C3b peke yake, hushika kwa ulegevu; ikikuta C3b iliyoganda jirani na asidi ya siali, hushika kwa nguvu. Bakteria wengi hawana asidi ya siali. Nimesema wengi, na tutawarudia wale wengine.

Njia ya kujua kazi ya mlinzi ni kumwondoa na kutazama kitakachotokea. Watafiti hawawezi kumfanyia hivyo binadamu, lakini maradhi yamekwisha kufanya. Mwaka 1882 daktari Mjerumani, Paul Strübing, alieleza habari za fundi wa magari ya kukokotwa aliyekuwa akikojoa mkojo mweusi, hasa asubuhi. Ugonjwa huo wa nadra, ambao kwa Kiswahili tunaweza kuueleza tu kuwa ni kupasuka kwa seli nyekundu usiku kwa vipindi, ulikaa bila maelezo kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1937 Thomas Ham, huko Marekani, alionyesha kwamba seli za wagonjwa hao hupasuka zikiwekwa katika maji ya damu yaliyotiwa asidi kidogo, na kwamba maji hayo yakipashwa moto hazipasuki. Joto lile lile la Bordet. Mshtakiwa alikuwa komplementi, na tena komplementi ya kawaida ya mtu yeyote. Kasoro ilikuwa katika seli.

Kasoro yenyewe ilikuja kueleweka mwaka 1993. CD55 na CD59 hazikuchomeka ndani ya utando kama protini nyingi. Zimefungwa kwa nanga ya mafuta na sukari iitwayo GPI. Jeni moja, PIGA, inahitajika katika hatua ya kwanza ya kuunda nanga hiyo. Seli mama moja katika uboho ikipata kasoro katika PIGA, vizazi vyake vyote huzaliwa bila nanga, na kwa hiyo bila CD55 na bila CD59. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana pigo moja linatosha: hakuna nakala ya pili inayofanya kazi ya kuokoa jahazi.

Lakini hapo walinzi wawili wameondoka kwa mpigo. Ni yupi hasa aliyekuwa akizuia seli nyekundu zisipasuke? Jibu limetoka kwa watu wachache sana duniani. Wapo waliozaliwa bila CD55 kabisa huku CD59 yao ikiwa kamili. Hali hiyo katika elimu ya makundi ya damu huitwa Inab, na damu yao haipasuki. Na yupo mgonjwa wa Japani, aliyeelezwa mwaka 1990, aliyekosa CD59 peke yake: damu yake ilipasuka. Kwa upande wa kupasuka ndani ya mishipa, basi, mlinzi wa mwisho wa mstari ndiye mwenye uzito. Mtu angeweza kuhitimisha kwamba CD55 ni pambo. Angekosea, kwani mwaka 2017 ilielezwa kwamba watoto wanaozaliwa bila CD55 wanaweza kupata maradhi makali ya utumbo, yanayovujisha protini ndani ya matumbo na kugandisha damu katika mishipa mikubwa. CD55 ina kazi nzito, ila mahali pake pa kazi ni pengine.

Hoja hiyo ya mahali ndiyo ninayoiona kuwa ufunguo wa somo zima, na hakuna pahali inapoonekana waziwazi kama kwenye figo. Kuna ugonjwa ambao mishipa midogo ya figo huumizwa na komplementi ya mwenyewe, damu ikaganda humo, seli nyekundu zikakatika zikipita na figo zikafa. Madaktari huuita sindromu ya hemolisisi na uremia isiyo ya kawaida. Wengi wa wagonjwa hawa wana kasoro katika faktori H, katika faktori I, au katika CD46. Dalili ni karibu zile zile. Sasa mpe kila mmoja figo mpya kutoka kwa mtu mwingine. Mwenye kasoro ya CD46 mara nyingi hukaa salama, kwa sababu figo mpya imekuja na CD46 yake juu ya seli zake. Mwenye kasoro ya faktori H, bila dawa, mara nyingi huharibikiwa na figo mpya nayo, kwa sababu faktori H hutoka katika ini, na ini ni lile lile la zamani. Kabla hujamwahidi mgonjwa kitu, lazima ujue mlinzi aliyekosekana alikuwa akiishi wapi.

Wanaosoma hoja hii huuliza: ikiwa kinachookoa seli ni mlinzi aliye juu yake, je, mtu akiweka walinzi wa binadamu juu ya seli za mnyama, zitaachwa? Jaribio hilo limefanyika (asiyependa habari za nguruwe avumilie sentensi chache). Kiungo cha nguruwe wa kawaida kikipandikizwa kwa binadamu, kingamwili tulizo nazo tangu utotoni hukinasa na komplementi hukiharibu, pengine ndani ya dakika. Mwezi Januari 2022, katika Chuo Kikuu cha Maryland, mgonjwa alipandikizwa moyo wa nguruwe aliyefanyiwa mabadiliko kumi ya jeni, miongoni mwayo ikiwa ni kuongezewa CD46 na CD55 za binadamu. Mgonjwa alifariki baada ya miezi miwili hivi, kwa sababu ambazo bado zina mjadala. Lakini uharibifu ule wa papo hapo haukutokea. Walinzi hawakuwa sababu pekee, kwa kuwa sukari zinazovuta kingamwili nazo zilikuwa zimeondolewa. Hata hivyo jaribio linaendana na hoja.

Nyuma ya jicho hadithi ni ya taratibu zaidi. Mwaka 2005 makundi kadhaa ya watafiti yalitangaza kwa pamoja kwamba tofauti ya herufi moja katika jeni ya faktori H, inayogeuza asidi amino ya 402, huongeza uwezekano wa kupata uchakavu wa kitovu cha retina uzeeni, ugonjwa unaofuta katikati ya kile unachokitazama. Hapa mlinzi hajakosekana. Amelegea tu, na ulegevu huo huchukua miaka 60 au 70 kuleta madhara. Na kuna kizuizi kingine kiitwacho kizuizi cha C1, kinacholinda mwanzo wa njia ya kwanza, ambacho upungufu wake huleta uvimbe wa ghafla wa uso, koo au tumbo. Uvimbe huo, kinyume na wengi wanavyodhani, hausababishwi na komplementi: kizuizi hicho hudhibiti pia mfumo mwingine wa damu unaotoa bradikinini, na bradikinini ndiyo inayofungua mishipa. Ndiyo maana dawa za mzio hazisaidii.

Sasa tuwarudie wale bakteria wengine. Ikiwa alama ya kuokoka ni mlinzi juu ya ukuta, adui mwenye akili atamwiba mlinzi. Kijidudu kinachosababisha aina kuu ya homa ya uti wa mgongo, ile ya milipuko inayojirudia katika nchi za ukanda kutoka Senegal hadi Ethiopia, kina protini juu yake inayoshika faktori H ya binadamu. Faktori H haina habari; hufanya pale kazi yake ya kila siku, na bakteria hupona. Umuhimu wa komplementi dhidi ya kijidudu hiki si wa kubahatisha: watu waliozaliwa bila mojawapo ya protini za mwisho, C5 hadi C9, huugua homa hii mara kwa mara, na kwa maambukizi mengine mengi hawana tofauti kubwa na watu wengine. Watengeneza chanjo waligeuza wizi huo kuwa shabaha. Chanjo mbili za kundi B la kijidudu hicho, zilizoidhinishwa mwaka 2013 Ulaya na 2014 Marekani, zina protini hiyo hiyo ya kushika faktori H.

Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kimekwenda mbali zaidi, na hapa suala linaingia nyumbani kwetu. Kinashika faktori H kikiwa katika damu ya mtu. Kinaishika tena ndani ya mbu: mbu akinyonya damu hunyonya na komplementi yake, ambayo hubaki hai tumboni mwake kwa muda wa saa moja hivi, na wakati huo ndipo vimelea vya kiume na kike hutoka uchi ndani ya seli nyekundu kwa ajili ya kujamiiana. Visingekuwa na faktori H ya binadamu vingekufa humo. Kwa maneno mengine, protini iliyotengenezwa na ini la mtu wa Muheza au Siaya inakilinda kimelea ndani ya tumbo la mbu. Tena, kwa kuingia katika seli nyekundu, kimelea hutumia walinzi kama milango: CR1 ni mmoja wa milango hiyo, na mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba seli zisizo na CD55 kimelea hakiwezi kuziingia ipasavyo.

Swali la hospitalini, hata hivyo, ni jingine. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kufikishwa akiwa na damu kidogo mno, na hesabu ya vimelea haitoshi kueleza upungufu huo. Seli zilizoambukizwa na kupasuka ni chache ukilinganisha na seli zilizopotea. Nyingi za zilizopotea hazikuwa na kimelea. Mwaka 2000 John Waitumbi, José Stoute na wenzao walichapisha matokeo kutoka magharibi mwa Kenya: watoto wenye upungufu mkali wa damu kutokana na malaria walikuwa na CR1 na CD55 pungufu juu ya seli zao nyekundu, na seli hizo zilimezwa kwa wepesi zaidi na makrofaji, seli za kinga zinazosafisha damu. Baadaye kundi hilo hilo lilionyesha kwamba kiasi cha CR1 juu ya seli nyekundu hubadilika kwa umri: watoto wadogo, ambao ndio wanaopata zaidi upungufu huu, wana kiasi kidogo kuliko watu wazima.

Kwa nini CR1 ipungue? Lazima tujue kazi yake ya kawaida. Seli nyekundu hazibebi oksijeni tu. Kingamwili zikishikana na mabaki ya kimelea, na C3b ikaganda juu yake, furushi hilo hunaswa na CR1 na kusafirishwa hadi kwenye ini na bandama, ambako makrofaji hulivua furushi na kuiachia seli iendelee. Lakini katika kuvua, mara nyingine kipande cha CR1 hutoka pamoja na furushi. Seli moja ina CR1 mia kadhaa tu. Mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara ana mafurushi mengi na seli zenye CR1 chache tangu mwanzo. Safari zikizidi, walinzi huisha.

Ni lazima niseme wazi kiwango cha ushahidi huu. Kuona CR1 na CD55 chache kwa mtoto aliyekwisha kuumwa hakuthibitishi kwamba uchache huo ndio ulioleta ugonjwa. Ugonjwa nao ungeweza kuleta uchache. Maelezo ya mafurushi yanaunganisha pande mbili katika mzunguko, na hilo linaridhisha akili, ila kuridhisha akili si kuthibitisha. Ushahidi wa jeni una nguvu zaidi hapa, kwa kuwa mtu huzaliwa na jeni zake kabla ya kuumwa.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wa programu ya KEMRI na Wellcome Trust walichunguza tofauti mbili za jeni ya CR1 zinazopatikana kwa wingi kwa watu wenye asili ya Afrika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Tofauti iitwayo Sl2 ilihusiana na kinga dhidi ya malaria ya ubongo. Ile iitwayo McCb ilihusiana na hatari zaidi. Na faida ya Sl2 ilionekana tu kwa watoto wasio na talasemia ya alfa, kasoro ndogo ya hemoglobini ambayo yenyewe hukinga dhidi ya malaria kali na ni ya kawaida pwani. Kinga mbili zilizokutana katika mtoto mmoja hazikujumlishana. Maelezo ya kibiolojia hayajakamilika, ingawa inajulikana tangu 1997 kwamba seli zenye kimelea hutumia CR1 kujikusanyia seli salama zikaziba mishipa midogo. Linalohusu hoja yetu ni kwamba umbo la mlinzi, na si idadi yake pekee, lina uhusiano na nani anapoteza fahamu na nani haipotezi.

Kuhusu tiba. Mwaka 2007 iliidhinishwa dawa iitwayo eculizumab kwa ugonjwa ule wa mkojo mweusi. Ni kingamwili inayoshika C5 isikatwe, hivyo bomba la C9 haliundwi. Matokeo yalikuwa makubwa, na yalifundisha jambo ambalo msomaji aliyefuata hatua zetu anaweza kulitabiri. Dawa ilichukua kazi ya CD59. Haikuchukua ya CD55. Seli za wagonjwa ziliacha kupasuka mishipani, lakini C3b iliendelea kurundikana juu yake, na ini na bandama vikaanza kuziondoa kwa alama hiyo. Baadhi ya wagonjwa walibaki na upungufu wa damu ambao hapo awali haukuonekana, kwa kuwa seli hizo zilikuwa hazidumu kiasi cha kufika huko. Ndiyo sababu dawa za karibuni hupanda juu ya mstari: pegcetacoplan ya mwaka 2021 hushika C3, na iptacopan ya mwaka 2023, ambayo ni ya kumeza, hushika faktori B.

Gharama zake ni mbili. Ya fedha: eculizumab ilifikia Marekani zaidi ya dola 400,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Ya mwili: anayetumia kizuizi cha C5 amejifanya kama wale waliozaliwa bila protini za mwisho, na hatari yake ya kupata homa ya uti wa mgongo hupanda kwa makadirio ya mara 1,000 hadi 2,000. Huchanjwa kabla ya kuanza, na bado chanjo haimhakikishii usalama.

Sasa naweza kusema ninavyoona. Mitaani kwetu na kwenye redio kuna biashara kubwa ya vitu vya kuongeza kinga, kana kwamba kinga ni maji ndani ya tangi. Magonjwa yote tuliyoyapitia, ukiacha homa ya uti wa mgongo, ni ya watu ambao kinga yao ilikuwa na nguvu kamili. Waliumizwa kwa kukosa kizuizi, au kizuizi chao kililegea au kilitekwa. Kinachoahidi kuongeza kinga bila kusema ni sehemu ipi ya mfumo, na kwa mgonjwa yupi, hakijaahidi kitu.

Upande wa pili, sioni kwamba dawa za kuzuia komplementi ndizo jibu kwa mtoto wa magharibi mwa Kenya mwenye damu kidogo, hata zingegawiwa bure. Watoto wenye malaria kali huingiliwa pia na bakteria katika damu mara nyingi kuliko wengine, na komplementi ni silaha mojawapo iliyobaki dhidi ya bakteria hao. Ikiwa maelezo ya mafurushi ni sahihi, mahali pa kushika ni mwanzoni: mafurushi yawe machache. Hilo hufanywa na vitu vinavyojulikana, yaani chandarua, kipimo cha mapema, dawa mseto inayomezwa hadi dozi iishe, na sasa chanjo, ambayo Kenya ilikuwa moja ya nchi tatu zilizoanza kuijaribu katika huduma za kawaida mwaka 2019. Ingefaa kupima CR1 kwa watoto waliochanjwa na kuwalinganisha na wasiochanjwa wa rika moja, kabla hawajaumwa na baada ya msimu wa mvua. Kama CR1 yao itabaki juu na damu ikabaki, maelezo ya mzunguko ule yatakuwa yamepata nguvu. Kama damu itabaki ilhali CR1 imeshuka vilevile, itabidi turudi ubaoni na kutafuta sababu nyingine.